Shangazi Kauziwa Nguvu Ndani ya Kichupa
Na Mwanahamisi Semboja

Jumanne nilifika mtaani Ngamiani kwa shangazi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa kwenye kiti cha plastiki, miguu kainyoosha. Mezani, pembeni ya tasbihi, nikaona kichupa. Vidonge 60 vya majani ya mzeituni. Kauziwa na kijana aliyevaa koti jeupe la daktari, aliyepita barazani akiwapima wazee presha bure. Shilingi 85,000.

"Vinarudisha nguvu za misuli, mwanangu. Kasema wazungu wamefanya utafiti."

Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi.

Utafiti upo, sikatai. Uchungu wa jani la mzeituni unatokana na kitu kiitwacho oleuropeini. Mwaka 2025 wanasayansi waliandika kwamba kinasaidia kalisiamu kuingia kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya msuli, na kwamba panya wazee waliolishwa walichoka polepole zaidi. Kazi nzuri. Lakini ni panya! Hata mafuta ya zeituni, ambayo Umoja wa Ulaya umeruhusu yauzwe kwa kutaja faida ya polifenoli zake, ruhusa hiyo ni ya kulinda mafuta yaliyomo kwenye damu. Misuli haikutajwa.

Na mzeituni sina ugomvi nao. Shangazi anajipaka mafuta yake tangu mimi sijazaliwa, na Wamaasai wanachoma vijiti vya mzeituni mwitu, wenyewe wanauita oloirien, kusafishia vibuyu vya maziwa. Ni mti wa heshima. Ndiyo maana inaniuma mtu anapoukamua ili apate pesa ya mjane.

Nikamwomba ainuke. Akaweka viganja magotini, akasukuma. Wapi. Akasukuma tena, miguu ya kiti ikateleza kwenye sakafu, akashika nondo za dirisha ndipo akasimama, pumzi juu juu. Mwanamke huyu nimemwona kwa macho yangu akipanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, mkono mmoja kaniongoza mimi.

Nguvu zake amezichukua nani? Umri umechukua sehemu yake. Misuli huanza kupungua mtu akishapita miaka 30. Zilizobaki tumezichukua sisi. Tulivuta bomba ndani, ndoo ikaisha. Tukaleta blenda, kinu kikatupwa uani kuku wanalalia. Akigusa ufagio tu, wajukuu wanapiga kelele: "Bibi kaa, tutafagia!" Tunamkalisha tangu alfajiri mpaka isha, kisha tunaita heshima. Msuli usiotumika unakwisha, na huo ndio ukweli wa kiti kile cha plastiki.

Lakini hurudishwa. Mwaka 1990, kule Boston, Marekani, wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walipewa zoezi la kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watafiti hao hao wakarudi mwaka 1994 na wazee 100: wengine mazoezi, wengine kinywaji cha virutubisho, wengine vyote viwili, wengine hata kimoja. Waliofanya mazoezi, nguvu zao zilipanda kwa asilimia 113. Kinywaji bila mazoezi hakikuondoa udhaifu. Umri wao wastani, miaka 87. Shangazi ana 71, binti mdogo mbele yao.

Basi tukaegemeza kiti ukutani kisiteleze. Nikamwambia, shangazi, inuka, keti, inuka, mimi niko hapa. Mara nne, jasho likamtoka, akacheka kama msichana. Kwa zile 85,000 angekula mayai, kunde na dagaa mwezi mzima, na msuli hujengwa na vyakula hivyo hivyo vikikutana na kazi. Wajukuu nimewaita mbele yake: ufagio wa uani ni wa bibi, asinyang'anywe na mtu.

Jana kanipigia simu. Amefika mara saba bila kushika dirisha.

Kijana wa koti jeupe bado anazunguka mitaani, na wiki hii kaonekana barabara ya 12. Akibisha kwenu, msomaji wangu, kabla mama hajafungua kibindo muulize jambo moja tu: aliyepata nguvu ni bibi wa nani?