MGOMBA HUANZA KUFA UDONGONI

Kila adhuhuri, mtumishi atokaye ofisini maeneo ya Posta hununua ndizi mbivu kwa mchuuzi wa kando ya njia, akazila na karanga, akaendelea na safari yake. Ndizi hizo huonekana kitu cha kudumu. Lakini huko shambani zitokako, migomba ya kisukari inaandamwa na adui akaaye udongoni: kuvu wa mnyauko, uitwao pia ugonjwa wa Panama.

Adui huyu aliyafilisi mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kabla ya mwaka 1960, hata ndizi ya Gros Michel ikatoweka katika biashara ya nje na Cavendish ikashika nafasi yake. Mwaka 2013 aina nyingine ya kuvu huyo, iiuayo hata Cavendish, ilithibitishwa Msumbiji, nchi inayopakana na Tanzania.

Dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa hakuna, na kuvu hubaki udongoni kwa miongo ya miaka. Kwa hiyo silaha iliyopo ni kumtambua mapema. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia pembeni, huvunjika na kuning'inia kulizunguka shina. Shina likikatwa, huonekana mistari ya kahawia na nyekundu. Iwapo ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likatoa utomvu wa manjano, huo ni mnyauko wa bakteria, ulioitesa Kagera. Maabara ndiyo huthibitisha.

Hapa ndipo msomi wa mjini anapohusika. Arudipo kutoka likizo hubeba machipukizi ya kwao na kuyapanda nyuma ya nyumba. Chipukizi linaloonekana zima laweza kuwa limebeba kuvu. Kadhalika udongo ulioganda kwenye jembe na viatu.

Huenda ikasemwa kwamba mabwana shamba ni wachache. Hiyo ndiyo sababu ya kila mwenye elimu kuwa jicho la pili. Mtumishi aulize asili ya mche kabla ya kuusafirisha. Mwalimu awafundishe wanafunzi dalili hizi katika shamba la shule, na jembe lisafishwe kabla ya kuhamia shamba jingine. Kumlaumu mkulima asiyeelezwa, huku anayejua akisafirisha maradhi garini, si haki.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.