Usonara na Kijana wa Kiislamu

Wapo wazazi wamzuiao kijana wao kujifunza usonara. Baadhi yao huiona kazi ya moto na nyundo kuwa duni. Wengine huchelea kwamba mapambo ni anasa isiyomfaa Mwislamu. Yatupasa kulipima jambo hili kwa mizani ya dini yetu.

Kwanza, pambo si haramu kwa asili yake. Katika Suratun Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anahesabu miongoni mwa neema zake mapambo tuyatoayo baharini tukayavaa. Kilichokatazwa ni israfu na majivuno, na kwa wanaume ni kuvaa dhahabu. Ama fedha, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha, akipigia muhuri barua zake.

Pili, sonara achukue wapi sura za kazi yake? Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza sanamu. Akamjulisha onyo la Mtume, kisha akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi na kazi hiyo, atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo ni mpana: jani, ua, kitumba cha asumini, wimbi, nyota. Huko Bara Hindi kipini cha pua huitwa laung, nalo ndilo jina lao la karafuu. Huko Lamu mafundi huvika fedha vigae vya vyombo vya kale vya Kichina, na ua la buluu lililokuwa litupwe likawa pete.

Kazi yenyewe yataka subira. Afanyaye nakshi za nyuzi huyeyusha fedha, akaigonga iwe ufito mwembamba, kisha huivuta katika bamba la chuma lenye matundu, kubwa kwanza, halafu dogo zaidi; na kila inapokuwa ngumu huirudisha motoni ilainike. Uzi ukishakuwa mwembamba, huupota, akaukunja kwa koleo kufuata mishipa ya jani, akaulehemu. Asiyelitazama jani kwa makini hawezi kulifanya. Hivyo kazi hii humfunza kijana kuuzingatia uumbaji wa Mola wake.

Tatu, amana. Fedha safi ni laini mno, kwa hiyo mafundi huitia shaba. Ile iliyo mashuhuri ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Kuchanganya si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi, ambaye jicho lake haliwezi kuona yaliyomo ndani. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa katika Surat Saba, aya ya 11, apime sawasawa viungo vya mavazi ya vita. Na Mtume (S.A.W.) alipofundisha kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu akipatacho kwa kazi ya mkono wake, alimtaja Daudi huyo huyo.

Basi, enyi wazazi, mwenye kijana wa mkono mwepesi asione haya kumpeleka kwa fundi mwaminifu. Nanyi akina mama, pambo la kale la nyumbani msiharakie kuliyeyusha: pengine ndilo darasa pekee lililobaki kwa fundi kijana.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali. Amin.