Kabla ya Kununua Lori la Mifugo

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana ni la watu wa gereji peke yao, nalo ni ununuzi wa lori la kubebea mifugo. Siku hizi tunaona vyama vya akina mama na watu wa ukoo mmoja wakichanga fedha, mwaka baada ya mwaka, ili wapate lori kuukuu la kuletea mbuzi na ng'ombe mjini. Biashara hiyo ni ya halali na ina manufaa, khususan Idd ya kuchinja inapokaribia. Lakini aghalabu ya wanunuzi huuliza bei na mwaka wa gari, hukagua matairi na rangi, kisha hutoa fedha bila ya kuuliza swali moja: likiharibika njiani, injini yake hufikiwa vipi?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya mzigo wenyewe. Lori la saruji likizimika, saruji hungoja. Mbuzi hawangoji. Gari likiwa mwendoni, upepo huwapitia. Likisimama, joto la jua hukutana na joto la miili yao iliyobanana, na mnyama aliyechoka akilala hukanyagwa na wenziwe. Wala si rahisi kuwashusha. Kando ya barabara hapana ua wala ngazi ya kuteremkia, magari yanapita kwa kasi, na kundi likitawanyika vichakani ni nani atakayelikusanya? Wenye kusafirisha farasi huko Uingereza wana shida iyo hiyo. Farasi hashushwi ovyo kando ya barabara kuu. Basi matengenezo hufanywa wanyama wangali ndani, na kila dakika anayoitumia fundi kuitafuta injini ni dakika ya mateso yao. Anayeijua njia itokayo Garissa, ikapita Hola na Garsen hata ikafika Malindi na Mombasa, anajua jua la huko na umbali ulioko baina ya mji na mji.

Malori, kwa upande huu, ni ya namna tatu. Ya kwanza ni lori lenye pua, ambalo injini yake iko mbele ya dereva, chini ya boneti. Huifungua ukaiona mara moja. Ya pili ni lori la uso bapa ambalo chumba cha dereva, tunachokiita kichwa, hubinuka chote kuelekea mbele, na injini ikabaki wazi. Isuzu za NKR na FRR, na Mitsubishi Canter, ambazo zimejaa katika barabara zetu, ni za namna hii. Ya tatu ni gari la uso bapa ambalo kichwa chake hakibinuki. Fundi hana budi kuondoa viti na kufungua kifuniko kilicho chini yake, akafanya kazi kwa kuchungulia. Hata katika malori ya kampuni moja, baadhi ya yale yenye safu mbili za viti huwa ni ya namna hii ya tatu, kwa hivyo jina la gari pekee si dalili ya kutosha.

Wazee wataikumbuka Bedford TK ya miaka ya 1960. Kichwa chake hakikubinuka, lakini waliolitengeneza lori hilo waliiweka injini nyuma ya viti vya dereva, wakatia vifuniko vya kuinuliwa upande huu na upande huu, kwa nje. Fundi alisimama chini, akainua kifuniko, akaanza kazi. Somo lililomo ni kwamba haitoshi kuuliza kama kichwa hubinuka. La kuuliza ni kama mkono wa fundi unafika.

Tena iko hatari ambayo haitoki kiwandani. Lori linapotoka kiwandani huwa halina bodi; bodi ya mifugo huundwa na mafundi wengine. Hawa hupenda kuijenga ikakaribiana mno na kichwa, na juu yake wakaweka keria iliyotokeza mbele, ya kubebea majani, mitungi ya maji na hata wachungaji. Keria hiyo ikiwa juu ya kichwa bila ya nafasi ya kutosha, kichwa hakiwezi tena kubinuka. Kiwanda kimekupa mlango, na fundi wa bodi ameuziba. Katika malori ya farasi ya Uingereza jambo hili hutokea kwa sura nyingine: huko hujengwa mahali pa kulala juu ya kichwa cha gari, na mnunuzi mwenye hadhari hutaka kwanza kuonyeshwa namna kichwa kitakavyofunguka.

Kwa hivyo, nasaha yetu ni hii. Msinunue kwa maneno. Mwambieni muuzaji akibinue kichwa mbele yenu, bodi ikiwa mahali pake na keria ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kikikataa, mumepata jawabu. Kikikubali, mfundi wenu na aguse kwa mkono wake mambo haya: kijiti cha kupimia oili, mdomo wa rejeta, mkanda wa feni, stata, betri, na filta ya dizeli. Hii ya mwisho itazameni sana. Dizeli ikiisha, au filta ikibadilishwa, hewa huingia katika mifereji ya mafuta, na injini haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe, aghalabu kwa pampu ndogo ya mkono. Lori ambalo filta na pampu hiyo ziko mahali pa wazi, utingo mwenye spana mbili hulirudisha barabarani upesi. Zikiwa zimefichika, mtangoja fundi atoke mji wa mbali.

Na usalama usisahauliwe. Kabla ya kubinua, gari liwe mahali palipo sawa, breki ya mkono iwe imevutwa, magurudumu yawe yamezuiwa kwa mawe au vigogo, na vitu vilivyo ndani ya kichwa vitolewe. Mtu asiingie chini yake mpaka aone kuwa kile chuma cha kukizuia kimejifunga barabara. Chuma hicho kikiwa kimelika au kimefungwa kwa waya, hiyo peke yake ni sababu ya kuliacha lori hilo. Kichwa kikianguka hakimpi mtu nafasi ya kukimbia.

Akina mama wasione haya kuyauliza haya. Aliyeuza bangili zake atie fungu lake chamani ana haki ya kusimama mbele ya muuzaji na kusema, "Lifungueni tuone." Nchini mwetu iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo haimruhusu mtu kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila ya sababu. Na sisi twakijua tangu chuoni kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mbuzi aliyefungiwa ndani ya lori lililozimika naye hana pa kujitafutia. Amana yake imo mikononi mwa aliyelichagua lori, na huanza siku ya kununua, kabla hata hajapakiwa.