Wimbo Bila Mkataba Ni Lumbesa

Mwaka 2024 wimbo wa "Komasava" wa Diamond Platnumz ulichezwa mbali sana na Tandale. Jason Derulo wa Marekani aliimba katika toleo lake la pili. Mdundo wake ni amapiano ya Afrika Kusini, mtoto wa ule muziki wa house uliozaliwa Chicago katika miaka ya 1980. Hapa Morogoro tuliusikia harusini, sokoni na kwenye bodaboda, tukafurahi. Nani asiyefurahi Kiswahili kikichezwa ugenini?

Lakini sisi wa Morogoro tusishangae kama watu walioiona bahari leo. Mji huu ndio wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, ndio wa Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya dunia. Kwamba wimbo wetu waweza kufika mbali, jambo hilo limekwisha kujibiwa. Twauliza jingine: ukirudi, warudi na nini, na wamrudia nani?

Tazameni jirani zetu wa Mombasa. Mwaka 1982 Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana". Mwaka 1983 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, likaurekodi kwa namna yake. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ikaandikishiwa Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo. Maneno ya mama zetu jikoni! Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kupinga. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini hasira haiandikishi kitu.

Mkulima wa Mgeta aijua lumbesa. Mnunuzi hushindilia gunia, akalishonea kilemba juu, kisha akalipa bei ya gunia moja. Tumepiga kelele miaka mingi tukidai mizani. Sasa twaiona lumbesa ya nyimbo. Katika ziara zetu za matawi tulikutana na kijana aliyeuza wimbo wake kwa fedha ya kula siku mbili, bila karatasi. Wimbo wapigwa, na jina lake halimo. Alituuliza, "Chama kinanisaidiaje?" Tuliona haya, maana tulikwenda kwake kuomba atuimbie mkutanoni, tena bure.

Basi tuanze na sisi wenyewe. Tawi likimwita mwanamuziki, limlipe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA ipo ya kuandikisha kazi za wasanii. Kila tawi limteue mwalimu mmoja akae na vijana Jumamosi, awasomee mkataba neno kwa neno kabla hawajatia saini. Kazi hiyo haihitaji bajeti; yahitaji mtu, meza na kalamu.

Na vijana nao wasije wakawa walanguzi wa wazee. Anayechukua mdundo wa ngoma kutoka Matombo au Kinole, amtaje aliyemfundisha, na akipata, akumbuke kupanda mlima tena.

Wimbo uende Chicago, uende Osaka. Lakini kabla haujapakiwa, upimwe.