Picha ya Dede



Siku ya 7 mtoto hunyolewa na kuchinjiwa akika. Siku ya 40 hutolewa nje. Hayo tunayashuhudia pamoja. Siku ya kusimama dede haina mwaliko. Huja mchana wowote, bibi akikuna nazi, na mama mtoto yuko Riyadh akilea wana wa watu.

Hapa Kaloleni nyumba za namna hiyo si chache. Bibi mmoja, jirani yangu, alimpiga mjukuu picha ameshikilia kinu, magoti yakimtetemeka, akampelekea bintiye. Jibu lilikuja usiku wa manane, kazi zilipokwisha: kilio kwanza, kisha kicheko, kisha akauliza kile kinu ni kile cha zamani.

Wako wanaohofia kijicho, nami siwalaumu. Picha ya mtoto haikupasa kuanikwa mitandaoni. Mpelekee mamake tu. Kisha isafishwe, iandikwe tarehe nyuma, kwani simu huibwa, na nyingine hutumbukia ndooni.

Bibi yule amekwisha kusafisha sita. Zimo ndani ya bahasha moja na cheti cha kuzaliwa, zikimngoja mwenyewe.