Pini Imekatika, Staa Kanuna: Mwacheni Fundi wa Chanika Afanye Kazi

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye wiki hii yuko midomoni mwa watu. Kisa? Pini ya chuma ndogo kuliko kidole.

Iko hivi. Jamaa ana Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu baba yake, Pijo yenyewe, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Akaipeleka kwa fundi Chanika ili giaboksi ifunguliwe na kufungwa upya, maana anataka bibi harusi apandishwe humo siku ya ndoa. Mambo yalikwenda poa mpaka ilipofikiwa pini inayoshikilia shafti ya gia ya rivasi. Ikakatikia ndani. Fundi akaomba siku tatu. Staa akawaka: "Siku tatu kwa kipini? Si ugonge tu nyundo kitoke!"

Hapo staa kachemka, na wapambe wanaomuunga mkono wamechemka pia.

Bodi ya giaboksi ile ni ya alumini, pini ni chuma kigumu. Ukigonga kwa hasira, kinachopasuka ni bodi. Ukikimbilia drili, ncha inateleza kwenye chuma na kuhamia kwenye alumini laini, tundu linaharibika. Na ukipasua bodi, umeua gari. 504 za saluni ziliacha kuundwa Ufaransa mwaka 1983, kwa hiyo si spea ya kwenda Gerezani asubuhi na kurudi nayo mchana.

Anachofanya fundi ni akili tupu. Kapaka mafuta ya kulegeza kutu, kayaacha yalale usiku kucha. Kisha anapasha bodi joto taratibu, maana kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu linailegeza pini. Ikigoma, anachomelea nati kwenye kipande kilichobaki na kukizungusha mpaka kitoke. Chuma kinashikana na chuma, kwenye alumini hakigandi. Kazi hiyo haitaki kelele za mwenye gari mlangoni.

Tatizo la mastaa wetu ni moja. Kwenye meza ya VIP hawahesabu chupa, lakini kwa fundi wanahesabu masaa. Wanalipia nyundo inayosikika, utulivu wa fundi wanauita uvivu. Wakati ule utulivu ndio ufundi wenyewe.

Harusi bila Pijo itafungwa tu, magari ya kukodi yapo kibao. Gari la mzee likishapasuliwa kwa pupa, hakuna duka litakalomuuzia mtoto kumbukumbu ya baba yake. Staa akae pembeni, amwagizie fundi chai, na siku tatu zikiisha amlipe zote tatu.

Wewe ungekuwa na Pijo ya mzee wako, ungesubiri au ungeshika nyundo?