Istilahi Bila Maarifa: Kisa cha Mwito wa Kundi katika Linux

Kuna kasumba iliyokita mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili, kwamba kazi yetu katika taaluma ya tarakilishi huisha punde tu tunapobuni istilahi. La hasha! Nami nilikuwa nayo hadi nilipojaribu kumweleza mwenzangu wa kitivo cha sayansi jinsi Linux inavyotuma ujumbe kwa kundi. Niliuita "utangazaji", naye akanikosoa papo hapo.

Utangazaji ni mbiu: kila aliye mtaani huisikia, apende asipende. Barua nayo humwendea mtu mmoja. Ninaouzungumzia ni mwito wa kundi, ambao huwafikia waliojiandikisha, na mtumaji hutoa nakala moja tu hata wasikilizaji wakiwa mia. Steve Deering ndiye aliyeuandikia kanuni mwaka wa 1989, na anwani zake huanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255.

Hapa ndipo penye uhondo. Anwani ya kundi haina makao, kwani wanakundi wanaweza kuwa popote. Je, mashine yenye kadi mbili za mtandao, moja ikielekea intaneti na nyingine maabara, itautoa mwito huo kwa mlango upi? Programu isipotaja kadi, Linux hutazama jedwali la njia. Isipopata njia mahususi, hufuata njia ya jumla, ambayo aghalabu huelekea intaneti. Ujumbe hutoka, hakuna kosa linaloripotiwa, na maabara hubaki kimya! Pasipokuwa na njia hiyo ya jumla, angalau mfumo hulalamika kwamba mtandao haufikiki. Dawa ni mstari mmoja, unaoandikwa na msimamizi wa mashine:

ip route add 224.0.0.0/4 dev eth1

Yaani, anwani zote za makundi zipitie kadi iitwayo eth1. Hata kujiandikisha katika kundi hufuata njia iyo hiyo iwapo programu haikutaja kadi. Iliyojichagulia kadi yake, hata hivyo, haifungwi na amri hii.

Sasa msomaji na ajiulize ni wapi Kiswahili kiliponikwamisha. Nilikwama kwa kutojua jedwali la njia ni nini. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, na menyu zikasema Kiswahili. Ni hatua ya kupongezwa, lakini menyu hutaja kitu bila kukifafanua.

Kwa hivyo napendekeza kwamba kila istilahi ya tarakilishi inayoletwa katika semina zetu iandamane na aya moja inayoeleza utendakazi wa kitu chenyewe, na aya hiyo isomwe kwanza na mwanafunzi wa sayansi. Isipoeleweka, istilahi irudishwe kwa mwenyewe. Yangu juu ya mwito wa kundi imekwisha kurudishwa mara mbili.